Mwenye Kumhimiza Mgeni Kula: Ana Dhima au Hana?

 

Mmoja katika wenzetu wa darsa aliuliza suala baada ya sala ya Isha, nasi tulikuwa tumekwisha kufunga vitabu. Alisema: mtu akimwalika mgeni, naye mgeni ana maradhi ya moyo na amekatazwa na tabibu vyakula vya mafuta, kisha mwenyeji akamhimiza ale, akala, na usiku ule ule akafa, je, yule mwenyeji ana dhima yoyote mbele ya Mwenyezi Mungu? Nilimjibu mara moja kuwa hana, kwani ajali ikifika haikawizwi wala haitangulizwi. Watu wakaitikia, tukaagana.

Nilipofika nyumbani niliona kuwa nimejibu upesi mno. Mwenye kuuliza hakujua, lakini yule mwenyeji aliyemsema mimi namjua. Ni mimi mwenyewe.

Nalikuwa na rafiki ambaye tulisoma naye chuoni tungali watoto, tukakaa juu ya mkeka mmoja, tukapigwa kwa bakora moja. Alipofikilia miaka hamsini na kidogo alianza kushikwa na maumivu ya kifua kila alipopanda ngazi za nyumba yake. Alikwenda kwa tabibu, akapewa dawa, akaambiwa apunguze samli, nyama ya mafuta na vitu vya kukaanga. Naye alifuata. Kisha ikatokea walima nyumbani kwangu. Tulikaa watu sita juu ya sinia moja ya biriani, na samli yang'ara juu ya wali. Rafiki yangu alikula matonge machache ya pembeni, akarudisha mkono. Nami nikamwambia mbele ya watu: "Wakataa chakula cha nduguyo? Kula, bwana, leo ni siku ya furaha, na huyo daktari wako hayuko hapa." Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akarejesha mkono siniani, akala mpaka sinia likaisha. Kabla ya adhana ya Alfajiri nilibishiwa hodi, nikaambiwa kuwa amefariki.

Sisemi kuwa ile biriani ndiyo iliyomuua. Hilo hakuna mwanadamu awezaye kulijua, na mwenye kudai kulijua ametia mkono katika ghaibu. Suala letu liko hapo hapo: mtu akitenda jambo ambalo lina madhara, na madhara yakaja, lakini haijulikani kama ni kwa sababu ya jambo lile, ana dhima au hana? Hatuwezi kulijibu kabla ya kujua kwanza kama maneno ya matabibu juu ya mafuta na moyo yana ukweli, au ni ya kutisha watu tu.

Naanza na mtu wetu. Ala-ud-Din Ibn al-Nafis alikuwa tabibu mkubwa wa Shamu na Misri, aliyefariki Cairo mwaka 687 wa Hijra, sawa na 1288. Wengi kwetu hawamjui, nao humjua Ibn Sina tu. Lakini yafaa tumjue, kwani pamoja na utabibu wake alikuwa mwanachuoni wa fiqhi ya Imamu Shafi, akiisomesha katika madrasa ya Masruriya hapo Cairo, na Subki amemtaja katika tabaka za wanavyuoni wa madhehebu haya yetu. Mtu huyu aliandika sherehe ya ile sehemu ya Kanuni ya Ibn Sina ihusuyo viungo vya mwili, na humo alimpinga Ibn Sina bila ya kumvunjia heshima. Ibn Sina alidhani kuwa moyo hupata chakula chake kutokana na damu iliyomo ndani ya vyumba vyake. Ibn al-Nafis akasema sivyo: moyo hulishwa na mishipa iliyoenea katika nyama yake wenyewe. Kitabu hicho kililala katika maktaba mpaka mwaka 1924, ndipo tabibu wa Kimisri, Muhyi-ud-Din al-Tatawi, akiwa masomoni Ujerumani, alipoudhihirishia ulimwengu nakala yake iliyokuwako Berlin.

Jambo hili ni la ajabu, nami napenda msomaji alizingatie. Moyo umejaa damu mchana na usiku. Kila dakika, mtu akiwa amepumzika, hutoa kadiri ya lita 5, na kwa siku moja hupiga kama mara 100,000. Lakini katika bahari hiyo yote iliyo ndani yake, hauwezi kunywa ila kidogo mno isiyotosha. Hunywa kwa mishipa miwili inayochipuka penye shina la mshipa mkuu, kisha ikagawanyika na kuuzunguka kwa nje kama taji. Wembamba wa mishipa hiyo ni kama wa mrija. Na katika zile lita 5 moyo hujichukulia kama robo lita tu, ukazigawa zilizobaki kwa ubongo, mafigo, tumbo, mikono na miguu. Tena upande wake wa kushoto, ambao ndio wenye kazi kubwa, hupata damu yake nyingi wakati moyo unapolegea baina ya pigo na pigo, kwa sababu ukijikaza huibana mishipa yake wenyewe. Basi moyo hunywa unapopumzika. Mapigo yakienda mbio, ile nafasi ya kunywa hufupika.

Sasa tumbo likijazwa, tumbo nalo hudai damu ili lisage kilichomo. Moyo hulazimika kutoa zaidi na kupiga upesi zaidi, na kwa hiyo wahitaji wenyewe damu zaidi. Mtu mzima wa mwili na mishipa yake haoni kitu, kwani mishipa ya moyo hupanuka na kuutosheleza. Lakini ambaye mishipa yake imekwisha kuingia uchafu wa mafuta ukutani ikawa myembamba, hapo ndipo penye taabu. William Heberden, tabibu wa London, aliwasomea wenziwe mwaka 1768 khabari za ugonjwa huu wa kubanwa kifua, zikapigwa chapa mwaka 1772. Naye alitaja kuwa huwashika watu wanapokwenda kwa miguu, khasa wakipanda mlima, na khasa mara baada ya kula. Wakati huo hapakuwa na chombo cha kupima moyo. Alikuwa akiwasikiliza wagonjwa wake tu.

Hayo ni ya wingi wa chakula, chochote kiwacho. Mafuta yana jambo lake la ziada. Wali na nyama isiyo na mafuta humeng'enywa na kuingia damuni kupitia inini. Mafuta mengi hayapiti njia hiyo. Huvunjwa matone madogo sana, yakaingia katika mifereji ya maji meupe ya mwili, yakapanda mpaka karibu na shingo na kumiminika damuni hapo. Baada ya saa tatu au nne za karamu, damu ya mtu ikichukuliwa na kuwekwa itulie, maji yake yaliyokuwa safi huonekana yamechafuka kama yaliyotiwa maziwa. Mwaka 1955 huko Marekani matabibu wawili, Kuo na Joyner, waliwapa malai ya maziwa wagonjwa wa kubanwa kifua, wakawachunguza. Baadhi yao walishikwa na maumivu hali wamekaa, hawakupanda ngazi wala kubeba mzigo, baada ya saa kadhaa, pale mafuta yalipokuwa yamekithiri damuni.

Jambo la pili lilijulikana baadaye. Ukuta wa ndani wa mshipa una ngozi nyembamba sana, nayo si ngozi tu ya kufunika, bali hufanya kazi. Damu ikiongezeka mwendo, ngozi hiyo hutoa hewa inayoitwa naitriki oksidi, ambayo huulegeza mshipa ukapanuka. Walioigundua kazi hiyo ya hewa hii walipewa Tunzo ya Nobel mwaka 1998. Na mwaka mmoja kabla yake, 1997, tabibu Robert Vogel na wenziwe huko Baltimore walichukua watu 10 wazima wasio na ugonjwa, wakawapa kwa siku mbali mbali vyakula viwili vya asubuhi vyenye nguvu sawa, kalori 900 kila kimoja. Kimoja kilikuwa na gramu 50 za mafuta, cha pili hakikuwa na mafuta. Kisha waliwapima mshipa wa mkono: huufunga kwa muda, wakaufungua, wakatazama wapanuka kiasi gani. Baada ya chakula kisicho na mafuta mshipa ulipanuka kama kawaida yake. Baada ya kile cha mafuta, tangu saa ya pili hata ya nne, kule kupanuka kulipungua kadiri ya nusu.

Insafu yataka tuseme kuwa hao walikuwa watu 10 tu, na kilichopimwa ni mshipa wa mkono, ambao matabibu huufanya kuwa dalili ya mishipa mingine. Wala mafuta yote si namna moja. Mafuta ya samaki si kama samli, na mafuta yaliyogandishwa viwandani yakatiwa mikebeni ni mabaya kuliko samli. Lakini ushahidi huo haukusimama peke yake. Mwaka 2000, katika mkutano wa matabibu wa moyo wa Marekani, Francisco Lopez-Jimenez na wenziwe walieleza khabari za wagonjwa karibu 2,000 waliopatwa na shambulio la moyo. Waliona kuwa katika saa mbili zifuatazo chakula kizito kupita ada, hatari ya shambulio ilipanda kiasi cha mara nne.

Na hizo gramu 50, ndugu msomaji, ni kama vijiko vinne vya chakula vya samli. Hebu na tuhesabu karamu zetu. Kwanza sambusa mbili na kaimati, kisha biriani au pilau ambayo mpishi asifiwa kwayo kwa jinsi mafuta yanavyochuruzika kiganjani, na nyama ya kifua yenye shahamu, na mwisho halua, nayo yatengenezwa kwa samli. Mtu amekwisha kupita hizo gramu 50 kabla hajafika katikati ya sinia. Katika Ramadhani ni zaidi. Tumbo limekaa tupu saa kumi na tatu, kisha kwa nusu saa hujazwa viazi vya karai, bajia, mahamri na mchuzi wa nazi, halafu mtu huondoka mbio kwenda kusali Tarawehe akipanda ngazi za msikiti. Heberden angalikuwa hapa asingaliuliza suala la pili.

Basi hayo ndiyo wasemayo matabibu. Na sisi tuyafanyeje kisheria?

Wako wasemao: maneno ya daktari ni dhana, na dini haijengwi juu ya dhana. Hawa wamesahau walichosoma. Vitabu vyetu vya fiqhi, vile vidogo tunavyosomesha watoto, vyasema kuwa mgonjwa akiambiwa na tabibu mwaminifu kwamba maji yatamdhuru, huacha kutawadha akatayamamu, na sala yake ni sahihi. Akiambiwa kuwa saumu itamzidishia maradhi, hufungua katika Ramadhani. Kauli ya tabibu imetosha kuondoa udhu na saumu, nazo ni faradhi, ikiwa yaleta dhana yenye nguvu. Itakuwaje kauli ile ile isitoshe kuondoa kijiko cha samli, ambacho si faradhi wala si sunna? Tumekubali neno la tabibu linapotupunguzia ibada, tukalikataa linapotupunguzia ladha. Mimi sioni kuwa huo ni uchaji Mungu.

Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa na kutukataza israfu pahala pamoja. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitupa wenyewe katika maangamizo. Na hadithi ya Al-Miqdam bin Ma'dikarib, aliyoipokea Tirmidhi, yajulikana na kila mwenye kukaa darsani: kwamba hakuna chombo kibaya cha kujaza kuliko tumbo, na kuwa asiye na budi alifanye mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Hapo inatosha. Wala hapana haja ya kuongeza yale maneno mashuhuri ya kwamba tumbo ni nyumba ya maradhi, ambayo makhatibu huyasoma mimbarini kuwa ni hadithi. Wanavyuoni wa hadithi wamebainisha kuwa si ya Mtume, bali yanasibishwa kwa Al-Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu. Maneno ni mazuri, lakini kumzulia Mtume (s.a.w.) hata neno zuri ni dhambi.

Wanavyuoni wa Kishafi wakasema kuwa kula kupita shibe ni makruhu, na kukiwako madhara huwa haramu. Ama mgeni, kula kupita shibe katika chakula cha mtu bila ya kujua ridhaa yake ni haramu vile vile. Rafiki yangu hakuwa na shaka ya ridhaa yangu. Alikuwa nayo kupita kiasi.

Hapa ndipo tunapofika penye mwenyeji. Na hoja yenye nguvu ya kumtetea si ile ya ajali niliyoitoa mimi usiku ule, bali ni hii: Nabii Ibrahim (a.s.), ambaye ndiye kiigizo cha ukarimu, alipojiwa na wageni aliwaletea ndama aliyenona. Kunona kwake kumetajwa ndani ya Kur-ani, katika Sura ya Adh-Dhariyat. Tena akawakaribisha kula. Basi mwenye kumkataza mwenyeji samli na himizo, je, hamkatazi mila ya Ibrahim?

Nimezitazama aya hizo mara nyingi tangu msiba ule. Ibrahim alijitenga kimya kimya kwa watu wake, akaleta alicho nacho kilicho bora, akakisogeza karibu ya wageni wasitaabike, na kisha hakuwaamrisha, bali aliwauliza kama hawatakula. Ibn Kathir katika tafsiri yake amelielekeza jicho kwenye upole wa maneno hayo. Na walipokosa kunyoosha mikono, kama ilivyokuja katika Sura ya Hud, aliingiwa na khofu moyoni mwake. Ni jambo zito kwa mwenyeji kuona chakula chake hakiguswi, na kwa dasturi za watu wa jangwani lilikuwa zito zaidi, kwani asiyekula chako huenda amekuja kwa shari. Juu ya hayo yote hakuwahimiza wala hakuwaaibisha. Hakuwaambia: mwakataa chakula changu? Ndama aliyenona ni ukarimu, na kuuliza kwa upole ni ukarimu. Nililofanya mimi halimo katika kisa kile.

Basi nililofanya mimi laitwaje? Imamu Ghazali amesema juu ya mali kuwa mtu akiombwa mbele ya watu, akatoa kwa kuona haya tu na hali moyo wake hautaki, mwenye kuchukua ni kama aliyenyang'anya. Ni kama kwamba yule alipigwa kwa haya badala ya fimbo. Mafakihi waliokuja baada yake wakaifuata kauli hiyo, wakaiita kuchukua kwa upanga wa haya. Mimi napima juu ya kauli hiyo. Ikiwa kuichukua mali ya mtu kwa upanga wa haya ni haramu, basi kumtilia tumboni mwake kinachomdhuru kwa upanga ule ule ni afadhali? Mwili wa mtu una haki kubwa kuliko mfuko wake. Rafiki yangu hakurejesha mkono siniani kwa njaa wala kwa tamaa. Aliurejesha kwa sababu watu watano walikuwa wakimtazama, nami ndiye niliyewafanya wamtazame.

Atasema mtu: lakini yeye alikuwa mtu mzima mwenye akili, na alijua katazo la tabibu, na mkono ulikuwa wake. Ni kweli, na mbele ya kadhi jambo limekwisha hapo. Kanuni ya fiqhi ni kwamba wakikutana mtendaji na mwenye kusababisha, hukumu humwelekea mtendaji. Lau ningalimtilia sumu asijue, hapo pangekuwa na maneno mengine. Hapana diya, hapana kafara. Lakini kadhi hahukumu ila yaliyo dhahiri, na kutolipa diya si kuwa huna dhambi. Mwenyezi Mungu amekataza kusaidiana katika uovu, wala hakusema kuwa msaidizi ameachiliwa kwa kuwa mtendaji alikuwa na akili zake.

Ama hili la kuwa hatujui kama ile biriani ndiyo iliyomuua, nadhani laturudi badala ya kututetea. Mtu akitupa jiwe gizani mahali anapojua kuwa watu hupita, hukumu ya tendo lake haingoji mpaka asikie ukelele. Mwenye kumpata na mwenye kumkosa wametofautiana katika matokeo, na yale si yao. Katika kutupa ni sawa. Mimi nalitupa. Kama jiwe lilifika au halikufika, ilimu ya hilo iko kwa Mwenyezi Mungu. Na nikisema hivi sikatai ajali. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu, akapata khabari ya tauni akarejea, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kuwa huko anakokwenda pia ni katika kadari yake. Ajali ya rafiki yangu iliandikwa, na ulimi wangu pia uliandikiwa hisabu yake. Tukiitumia ajali kufuta hisabu, basi hapana mwizi wala muuaji atakayeulizwa.

Watu wazima barazani wamenambia: baba zetu walikula samli na mkia wa kondoo, wakaishi miaka themanini. Nawaheshimu, lakini baba zetu walikwenda Malindi kwa miguu, na kuvuta makasia, na kupandisha maji kisimani, na nyama waliionja kwa siku za Idi na harusi. Tena waliokufa na miaka hamsini hawako barazani kutusimulia.

Hoja iliyonizidi nguvu haikutoka kwa mwanachuoni. Ilitoka ndani ya nyumba yangu. Watu wangu wa nyumbani waliponisikia nikisoma maneno haya walinambia: "Nyinyi mwaandika tupunguze samli. Siku pilau ikija kavu, nani atakayekaa akisema kuwa fulani bin fulani ni bakhili, wanawake au wanaume?" Sikuwa na jibu. Ni kweli kuwa mpishi hatii mafuta kwa kupenda yeye. Ayatia kwa kuogopa ndimi zetu. Ule upanga wa haya una makali pande mbili: mwenyeji aona haya asitie kidogo, na mgeni aona haya asile kingi, na baina yao wako watu wawili ambao hapana hata mmoja wao aliyeutaka ule mzigo wa mafuta. Nimeona nyumba zikikopa dukani kwa ajili ya khitima ya maiti wao, na mayatima wakalipa deni la samli iliyoliwa na watu wenye kushiba. Ilhali Mtume (s.a.w.), alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta mwaka wa 8 wa Hijra, aliamrisha jamaa za Jaafar wapikiwe, hakuamrisha wapike. Lakini hilo tumekwisha kuliandika mara nyingi, na waliotukasirikia bado wamekasirika.

Basi namjibu upya ndugu aliyeuliza, na lile jibu la kwanza nalirudisha. Mwenyeji asiyejua ugonjwa wa mgeni wake, akamkaribisha kwa upole, hana kitu juu yake, na ana thawabu za ukarimu. Mwenyeji anayejua, akaweka chakula mbele yake na kunyamaza, amefanya pungufu ya ubora, kwani ilimpasa ampikie hata sahani moja ya samaki wa kuchoma, na hilo si gharama. Ama mwenye kujua, kisha akamtahayarisha mbele ya watu mpaka akala, huyo ana dhambi, afe mgeni au asife, na juu yake ni toba. Na kwa kuwa imeingia haki ya mwanadamu, toba yake haitimii ila kwa kutaka radhi. Mwenyewe akiwa amekufa, atamwombea maghufira, na wengine wameona bora atake radhi kwa warithi.

Nilikwenda kwa mwanawe mkubwa Ijumaa iliyopita baada ya Alasiri. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mzee, baba alinambia usiku ule alipokuja kulala kwamba kifua kinamuwasha, na kwamba asingaliweza kukuvunja uso wako mbele ya watu." Akanisamehe. Sikutaka kuyaandika maneno hayo, lakini nimeona kuwa bila ya hayo msomaji angedhani kuwa mimi nafanya kiasi cha kitabuni tu.

Darsa ya Jumamosi ijayo baada ya Magharibi, inshallah, tumemwalika tabibu mmoja wa mji huu aje kujibu masuala ya mafuta yapi yafaa kupikia na yapi ni ya kuachwa, na mgonjwa wa moyo afuturu vipi katika Ramadhani. Wenye masuala wayaandike wayatie katika kisanduku kilicho mlangoni. Wanawake wana pahala pao upande wa ua, nao ndio tunaowahitaji zaidi. Patakuwa na kahawa na tende.